Nailoni haina kosa, kosa ni vipimo vya shaba

Mhariri,

Katika mashine za posho hapa Kampala, Kisenyi kama Bwaise, bushi ya nailoni, yaani kile kipande chenye tundu ambamo shafti huzunguka, ikinata kwenye shafti mwenye mashine hulalamika kwamba kauziwa feki. Mara nyingi nailoni ni nzima. Fundi ndiye aliyeikereza kwa vipimo vya shaba.

Bushi ya shaba kwenye shafti ya milimita 25 huridhika na nafasi ya milimita 0.05 hivi kati yake na shafti. Nailoni ukiipa hiyo, itabana tu. Hutanuka kwa joto karibu mara saba ya chuma: kipande cha milimita 100 joto likipanda nyuzi 20 hurefuka kama milimita 0.18. Tena hunywa unyevu wa hewani, na msimu wa mvua jirani na ziwa tunaujua. Ipe nafasi ya milimita 0.15 hadi 0.2. Halafu kuna jambo linalosahaulika: bushi ikishindiliwa ndani ya nyumba yake, yaani pango la chuma linaloishika, ule unene uliozidi nje hurudi ndani, tundu likapungua karibu kiasi hicho hicho. Kwa hiyo kipimo cha mwisho cha tundu hutolewa bushi ikiwa imeshapachikwa.

Kisu cha kukerezea kiwe kimenolewa upya. Kile kilichotoka kukata chuma husugua badala ya kukata, na msuguo ni joto. Nailoni 6, mojawapo ya aina za nailoni, huyeyuka kwenye nyuzi 220, ila hulegea mapema kabla ya hapo. Utaona uso umekuwa kama uliopakwa nta. Kisu kikikata vizuri hutoa uzi mweupe mrefu unaojizungusha kwenye chaki, ile sehemu ya mashine inayobana kipande kwa taya. Zima mashine ndipo uutoe. Vidole vimekwenda kwa uzi huo.

Taya za chaki zisikazwe kwa nguvu za chuma. Tundu litakuwa duara safi likiwa limebanwa, ukilegeza linageuka la pembe tatu, na hapo utalaumu mashine bure. Kereza ubakize milimita 1, kilaze kipande hadi kesho yake, kisha kimalizie. Anayepima kikiwa bado cha moto anapima joto.

Kama ni feki kweli, maji yatasema: polithini huelea, nailoni huzama. Asetali, plastiki nyingine ngumu, nayo huzama, lakini nailoni ikiungua hunuka nywele, asetali huchoma pua.

Na kwenye pampu inayokaa majini nailoni isiende kabisa. Nailoni 6 ikishiba maji hubeba karibu asilimia 9 ya uzito wake, wakati asetali haifiki 1. Hapo hata nafasi ya 0.2 haitoshi.

Mkereza vyuma,
Katwe, Kampala