Barua ya wazi kwa Kamishna wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani: wapeni wachezaji siku za kupona

Kwako Kamishna Roger Goodell,

Salamu kutoka Afrika Mashariki, ambako mechi zenu za Alhamisi huanza Ijumaa saa tisa au saa kumi usiku, na bado tupo tunaokesha kuzitazama. Mwaka 2013 Mkenya Daniel Adongo alitoka kwenye raga akavaa jezi ya Indianapolis Colts. Mchezo huu unatuhusu.

Nianze kwa kukupa haki yako. Kanuni ya mkwaju wa kuanzisha mliyoileta mwaka 2024 ni kazi nzuri. Zamani kikosi kizima kilitimua mbio uwanja mzima kwenda kuwavaa wenzao. Sasa pande mbili zinasimama karibu karibu, na wengi wao hawaruhusiwi kusogea mpaka mpira uguse ardhi au udakwe. Waliolia kwamba mchezo umeuawa walikosea, maana mikwaju inayorudishwa kwa mbio imeongezeka. Msimu huo ligi ilihesabu mitikisiko ya ubongo 182, pungufu kwa asilimia 17 kuliko msimu uliotangulia.

Ila kanuni hizi zinamshughulikia mchezaji katika ile sekunde ya kugongana tu. Beki akiinamisha helmeti anaadhibiwa. Akimkamata mwenzake kiunoni na kujiangusha juu ya miguu yake, anaadhibiwa. Sawa kabisa. Lakini ratiba haipangwi na beki. Ratiba ni yenu, wewe na wenye timu.

Unaikumbuka wiki ya Tua Tagovailoa, mrusha mpira mkuu wa Miami Dolphins, Septemba 2022. Jumapili ya tarehe 25, dhidi ya Buffalo Bills, alisukumwa akaanguka na kisogo chake kikagonga nyasi. Akainuka, akatikisa kichwa, akapiga hatua chache, miguu ikamlegea mbele ya macho ya watu wote. Tukaambiwa ni mgongo, na kipindi cha pili akarudi uwanjani. Siku nne baadaye alikuwa Cincinnati akicheza tena. Alizungushwa na kubwagwa chini, vidole vyake vikakakamaa mbele ya uso wake, akatolewa kwa machela. Ligi na chama cha wachezaji wakarekebisha utaratibu: anayeyumba namna ile harudi mchezoni, iwe sababu ni nini. Vizuri. Lakini zile siku nne hakuna aliyezigusa.

Badala yake, mwaka 2023 wenye timu walipitisha kwamba timu moja inaweza kupangiwa mechi mbili za Alhamisi baada ya mapumziko mafupi, yaani siku chache tu tangu icheze Jumapili. Msimu ulikwisha kuongezwa hadi mechi 17 mwaka 2021, na wewe mwenyewe umezungumzia hadharani mechi 18.

Ligi imekuwa ikijibu kwamba takwimu hazionyeshi majeraha kuzidi siku ya Alhamisi. Takwimu hizo zinahesabu kilichoonekana. Mchezaji aliyeumia Jumapili akanyamaza, kwa kuogopa kupoteza namba, haingii kwenye hesabu yoyote. Na CTE, ugonjwa wa kuharibika ubongo ambao Dkt. Bennet Omalu, mzaliwa wa Nigeria, aliukuta kwenye ubongo wa Mike Webster wa Pittsburgh Steelers, aliyefariki mwaka 2002 akiwa na miaka 50, hauletwi na pigo moja kubwa. Unahusishwa na mapigo mengi yaliyorundikana kwa miaka, yakiwemo madogo ambayo hayamtoi mtu uwanjani. Kila mechi mnayoongeza inaongeza mapigo hayo, hata kanuni ziwe nzuri kiasi gani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Mechi ya Alhamisi ichezwe na timu zinazotoka kwenye wiki yao ya mapumziko tu, na hilo liandikwe kwenye kanuni, lisiachwe kwa hisani ya mpanga ratiba. La pili, mkikaa tena na chama cha wachezaji, pendekezo la mechi ya 18 liondoeni mezani nyinyi wenyewe, msisubiri wachezaji walikatae.

Wako,
Mpenzi wa mchezo, Afrika Mashariki