Yah: Malalamiko kuhusu tetradrakma ya Athens isiyolingana na cheti chake

Ndugu Meneja Mauzo,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Katika mnada wenu uliopita nilinunua sarafu ya fedha ya Athens, ambayo katalogi yenu iliieleza kuwa tetradrakma, yaani sarafu ya drakma nne za Kigiriki, ya kati ya mwaka 454 na 404 KK, yenye uzito wa gramu 17.18 na ufa mdogo ukingoni, juu ya kichwa cha bundi aliyechorwa upande wa nyuma. Iliyonifikia haina ufa wowote, na mizani yangu inaonyesha gramu 16.61.

Tofauti iliyo wazi zaidi ni jicho la mungu Athena. Katika sarafu za karne ya 5 KK, ingawa uso umetazama upande, jicho huchorwa zima, umbo la lozi, kana kwamba linatutazama sisi. Katika hii niliyonayo jicho limechorwa la upande, mtindo ulioanza karne iliyofuata. Bundi yupo, tawi la mzeituni na mwezi mchanga vipo, herufi ΑΘΕ zipo pia, lakini si sarafu niliyoilipia. Nilipopiga simu, mhudumu wenu alinijibu kwamba bundi ni bundi. Sikutegemea jibu hilo kutoka kwa watu wanaoishi kwa kuuza tofauti za namna hii.

Kwangu hili si suala la bei peke yake. Kila sarafu ninayoipata huiandikia uzito, kipenyo, mwelekeo wa chapa za pande mbili na majina ya waliokuwa nayo kabla yangu, na cheti mlichonitumia kinataja gramu 17.18, yaani kinaizungumzia sarafu nyingine, ambayo huenda sasa imo mikononi mwa mteja asiyejua kwamba historia yake imebaki kwangu. Nikinyamaza, sarafu mbili zitakuwa zimepotezewa asili yake.

Naomba, ndani ya siku 14, mnitafutie sarafu iliyopigwa picha katika katalogi, au mnirudishie fedha zote pamoja na gharama za usafirishaji, na kwa vyovyote vile mrekebishe kumbukumbu za mauzo hayo. Sarafu mliyonitumia sijaisafisha wala kuitia alama. Imo katika pakiti yake, na picha zake za pande zote mbili na ukingo nimeziambatanisha.

Wenu mwaminifu,
Mteja