Risala ya Wanazuoni Wanawake kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Makamu Mkuu wa Chuo,
Wakuu wa idara na wageni waalikwa,
Itifaki imezingatiwa.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena Siku ya Wanawake. Tunakushukuru nawe kwa kufika. Saa tatu imekuwa saa tano, lakini tunajua majukumu yako ni mazito.

Umoja wetu ulianzishwa na walimu saba waliokutana kusoma maandiko ya ufeministi, ari iliyotoka Mkutano wa Dunia wa Wanawake wa Beijing wa 1995, ambao Katibu Mkuu wake alikuwa Mtanzania, Mama Gertrude Mongella. Leo tuko 43. Mengine yamo kwenye kabrasha.

Mafanikio ni mengi. Tumenunua viti vya plastiki 30. Tumefanya kongamano la kimataifa mtandaoni, ambapo mtoa mada kutoka Kampala alisikika vizuri kwa dakika kumi na mbili. Mfuko wetu wa kufa na kuzikana haujawahi kukauka.

Mheshimiwa, sasa turudi mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa Machi 16. Kesho yake shule zikafungwa, vyuo vikafuata. Nyumba ikawa ofisi, darasa na zahanati. Mwenzetu mmoja alisahihisha tasnifu za uzamili huku mama mkwe akimwita aje kujifukiza, nyungu inapoa. Mwingine alikuwa akiandika makala kuhusu kazi za nyumbani zisizolipwa. Hakuimaliza, kwa sababu ya kazi za nyumbani zisizolipwa.

Juni 1 vyuo vikafunguliwa. Shule za msingi zilingoja hadi Juni 29. Tunaomba uzitazame tarehe hizo kwa jicho la mzazi. Wiki nne tulitakiwa darasani, watoto hawana pa kwenda, na dada wa kazi wengi walikuwa wamerudi kwao. Tukaja na watoto. Walilala chini ya meza zetu, juu ya khanga, katikati ya mafurushi ya karatasi za mitihani.

Gonjwa limepita, watoto bado wako chini ya meza. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Tunaishukuru. Ila saa hizo mbili huishia kwenye daladala, kwenda tu. Asiyekwenda nyumbani hunyonyeshea stoo. Kwenye kupanda vyeo hali ni hiyo hiyo. Mwaka ule wa korona baadhi ya wahariri wa majarida huko nje waliona makala za wanaume zikiongezeka kuliko za wanawake. Hapa kwetu fomu ya kupandishwa cheo inauliza idadi ya machapisho, haina mstari wa kueleza ulikuwa unauguza nani.

Ombi letu ni moja: chumba cha kulelea watoto na kunyonyeshea.

Ombi hili si geni. Mgeni rasmi mmoja aliwaona watoto koridoni, akaguswa, akaweka jiwe la msingi na kuahidi mifuko 200 ya saruji. Aliyemfuata aliahidi mabati. Wa mwaka jana alitueleza kwamba suala liko kwenye mchakato. Wote tunawaombea afya njema. Jiwe lipo, wanafunzi hulikalia wakila chipsi.

Tunaipongeza kwa dhati Serikali yetu sikivu, ambayo kwa fedha za mpango wa Uviko, shilingi trilioni 1.3, ilijenga madarasa 15,000 nchi nzima, tena kwa muda mfupi. Kwa hiyo tunajua kujenga kunawezekana. Sisi tunaomba kimoja, chenye sinki, choo cha watoto, pazia, na mlezi mwenye mkataba. Tafadhali asiwe wa kujitolea. Kazi isiyolipwa tunaifahamu.

Makadirio ya mhandisi yako kwenye bahasha ya kaki aliyopewa msaidizi wako. Nakala nyingine tunayo hapa mezani, maana bahasha ya mwaka jana ilipotea. Ukiona vema kutoa ahadi, tunakuomba uitamke pamoja na tarehe. Katibu wetu ana kalamu.

Baada ya keki tutakuomba utembee nasi hatua sitini hivi hadi kwenye jiwe la msingi. Njia tumeifyeka jana jioni.

Tunaomba kuwasilisha.