Poliesta naijua, naishona kila siku

Ndugu Mhariri,

Mimi ni fundi turubai hapa Mafiati, jijini Mbeya. Nashona maturubai ya malori yanayokwenda Tunduma, nabadilisha viti vya mabasi, na kazi inayonilisha zaidi ni kuunga ile mikanda ya kukazia mzigo kwenye semi. Kwa hiyo gazeti lako liliposifia kano bandia za goti (kano ni zile kamba za mwilini zinazoshika mifupa) mwezi uliopita, na kueleza kwamba zinatengenezwa kwa nyuzi za poliesta zenye nguvu kuliko kano ya asili, niliisoma makala hiyo mara mbili nikiwa nimesimama. Poliesta nimeishika miaka ishirini na zaidi. Naomba nafasi niseme.

Binti yangu anacheza netiboli. Sasa yuko kidato cha nne. Mwaka jana mwezi wa tano alikuwa na timu ya shule wakijiandaa na UMISSETA, michezo ya shule za sekondari. Netiboli, kwa asiyeijua, haina kukimbia na mpira. Ukiudaka hewani, unatua na kusimama palepale. Alidaka, akatua kwa mguu wa kulia, mwili ukageuka na goti likabaki. Anasema alisikia "ta!" kama muwa unapovunjwa. Hakuna mtu aliyemgusa. Jioni goti lilikuwa limeumuka kama andazi.

Kituo cha kwanza walimpiga eksirei, wakasema mfupa mzima, wakamfunga bendeji, wakatupa vidonge vya maumivu na wiki mbili za kupumzika. Mfupa ulikuwa mzima kweli. Ila eksirei haionyeshi kano, na hilo hakuna aliyetuambia. Dada yangu wa Tukuyu akatuletea mama mmoja wa kuchua, na kwa heshima zote kwa mama yule, alichua siku tatu goti lililojaa damu. Wiki ya sita uvimbe ukaisha, mtoto anatembea, tukasema ndaga, Mungu amesaidia. Wiki hiyohiyo alikuwa anashuka ngazi mbili za karakana yangu, goti likaachia, akakaa chini kama mtu aliyevutiwa kiti.

Daktari wa mifupa aliyetugundulia hakuanza na mashine. Alimlaza, akamkunja goti, akakalia kidogo vidole vya mguu usiteleze, akashika muundi kwa mikono miwili na kuuvuta. Mguu ukaja mbele kama droo ya cherehani. Akahamia mguu wa pili: droo ikagoma. Akaniambia, "Mzee, njoo ushike mwenyewe." Nikashika. Mkono wa fundi unajua kitu kilichofumuka mshono. Kipimo cha MRI, picha inayoonyesha mpaka kano, kilikuja baadaye kuthibitisha tu.

Ndani ya goti kuna kano mbili zilizopishana kama mkasi. Ya mbele ndiyo iliyokatika. Urefu wake ni kama sentimita tatu, unene kama kidole cha mwisho, lakini kwa kijana huweza kuvutwa kwa nguvu ya uzito wa kilo 200 hivi kabla haijakatika. Kazi yake ni kuzuia muundi usiteleze mbele na goti lisijipinde mtu anapogeuka. Na ikikatika haijiungi kirahisi kama mfupa, kwa sababu inaoga kwenye maji ya goti. Damu haigandi pale ikashikilia ncha mbili zikakutana.

Wakati bado natafakari upasuaji, mteja wangu mmoja mwenye malori akanionyesha simu yake. Kuna mtu anayesafirisha wagonjwa nje ya nchi. Kano bandia, poliesta safi, hakuna kukatwa nyama ya mahali pengine, na miezi mitatu baadaye mtoto yuko uwanjani. Alinitajia milioni 22 pamoja na tiketi. Nilienda mpaka kupima bei ya kiwanja changu cha Uyole, na mnunuzi alikuwepo na hela yake.

Kilichonizuia ni mkanda. Dereva mmoja aliniletea mkanda wa mzigo uliokatika Chimala, akilalamika kwamba ni mpya, ameununua mwezi wa pili tu. Sikumuuliza umekatikia wapi. Mkanda haukatiki pale unaponing'inia hewani. Hukatikia kwenye kona ya bodi, mahali chuma kinapoutafuna kila lori linapopita shimo. Ukiutazama kwa karibu unaona kwanza manyoya meupe, laini, halafu nyuzi zinaachana mojamoja, na chini ya kona kuna unga mweupe kama wa chaki. Nguvu yote ambayo mkanda utakuwa nayo maishani unayo siku unapotoka dukani. Kuanzia hapo unatumia akiba. Haujui kupona.

Basi nikakumbuka alivyonichorea daktari: hutobolewa tundu kwenye mfupa wa paja na jingine kwenye muundi, kano mpya ikapitishwa humo. Nikajiuliza, mdomo wa lile tundu si ndiyo kona ya bodi? Na mtu hukunja goti mara ngapi kwa siku, hasa mtu wa Mbeya anayepanda na kushuka tangu asubuhi?

Nilirudi kwa daktari nikiwa na kipande cha mkanda ule mfukoni. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akasema hayo wenzake walishayapitia. Miaka ya 1970 na 1980 walijaribu nyuzi za kaboni, wakajaribu Gore-Tex, ambayo wengine tunaijua kwenye makoti ya mvua. Mwaka 1986 Marekani iliiruhusu kwa watu ambao upasuaji wa kwanza ulikuwa umeshindwa. Mwanzoni magoti yalikuwa imara kweli. Miaka ikapita, kano zikaanza kuchanika kwenye midomo ya matundu, chembe zikasambaa ndani ya goti (unga wangu wa chaki!), magoti yakavimba na kujaa maji, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 ile ya Gore-Tex ikaondolewa sokoni.

Wafaransa hawakuacha. Daktari Jacques-Philippe Laboureau alibuni kano iitwayo LARS, ambayo ndiyo inayotajwa sana sasa. Nayo ni poliesta, ndugu wa plastiki ya chupa za maji. Ila sehemu inayokaa ndani ya goti haikufumwa. Nyuzi zimeachwa huru, sambamba, ili nyama ya mgonjwa mwenyewe iote katikati yake, na zimesokotwa kidogo upande mmoja kwa goti la kulia na upande mwingine kwa goti la kushoto, kama viatu. Hapo nilivua kofia. Aliyefikiri hivyo anaijua kazi ya uzi. Kwa hiyo sisemi kano bandia ni takataka. Mtu aliyepata ajali mbaya na kano tatu zikakatika kwa pamoja, au mahali ambapo panahitajika kitu cha kuegemeza kano iliyobaki, inaweza kuwa na kazi yake. Mimi nazungumzia msichana wa miaka 17 mwenye miaka sitini ya kutembea mbele yake.

Kwa watu kama yeye, madaktari wengi duniani bado huanza na kano ya mgonjwa mwenyewe. Tulimpeleka Dar es Salaam mwezi wa nane kwa upasuaji wa matundu madogo. MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, wanaufanya upasuaji wa namna hii, pasipoti haihitajiki. Walichukua kano mbili nyembamba za nyuma ya paja, wakazikunja zikawa nyuzi nne, unene wa milimita nane. Kukunja mara nne ili kitu chembamba kibebe mzigo ni ufundi wangu kabisa. Kiwanja cha Uyole bado ninacho, kuna mahindi. Kurudi nyumbani mguu wake ulikaa juu ya turubai nililolikunja kwenye korido ya basi, na kondakta alinuna kuanzia Morogoro mpaka juu ya Kitonga.

Sasa hapa ndipo makala yenu iliponikera. Mliandika kwamba kano bandia ina nguvu kuliko ya asili. Siku ya kwanza, ni kweli. Lakini ile ya mwili inakwenda kinyume na mkanda. Ikihamishwa inapoteza damu yake, inalegea, halafu mishipa midogo ya damu inaingia na mwili unaanza kuijenga upya. Mwezi wa pili na wa tatu baada ya upasuaji ndipo iko dhaifu kuliko wakati wote, na ndipo mgonjwa anapojisikia mzima na kuanza kuulizia raba zake. Utafiti wa Oslo uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba kila mwezi mmoja mchezaji aliochelewa kurudi uwanjani, mpaka mwezi wa tisa, ulipunguza hatari ya kuumia tena goti kwa karibu nusu. Mwezi mmoja tu wa kukaa benchi. Dawa gani nyingine ya bure inafanya kazi hiyo?

Na kuna wasiohitaji kisu kabisa. Sweden walichukua vijana 121 waliokatika kano hii, wengine wakapasuliwa mapema, wengine wakapewa mazoezi tiba kwanza na ruhusa ya kupasuliwa baadaye goti likigoma. Matokeo ya kwanza yalitoka mwaka 2010. Baada ya miaka mitano, karibu nusu ya wale wa mazoezi walikuwa bado hawajapasuliwa, na magoti yao hayakuwa mabaya kuliko ya wenzao. Goti la binti yangu lilikuwa linaachia hata kwenye ngazi, hatukuwa na namna. Lakini ningependa mzazi wa Makete au Ludewa asome hilo kabla hajauza ng'ombe.

Mazoezi yenyewe, hata hivyo, ndiyo shida huku kwetu. Tulipotoka Dar es Salaam tulipewa karatasi na kuelekezwa kwa mtaalamu wa mazoezi tiba. Mtaalamu tulimpata, mtu mwema, mmoja, na mbele ya mlango wake foleni ya wagonjwa wa kiharusi na vijana wa ajali za bodaboda. Anatuona mara moja kwa wiki tatu. Kilichobaki tumekifanya karakanani: kukaa hewani mgongo ukiwa ukutani, kupanda na kushuka ile ngazi iliyomwangusha, kuvuta mguu dhidi ya mpira wa ndani wa tairi nilioukata na kuushona mshikio. Mpira ule una nguvu kuliko wa hospitali, mtaalamu mwenyewe amekiri na kuniagiza mitatu.

Mimi goti langu la kushoto nililiumiza mwaka 1998 nikicheza beki tatu kwenye timu ya mtaa. Wakanichua, baada ya mwezi nikarudi uwanjani, likaachia tena na tena mpaka nikaacha mpira. Gegedu limelika. Siku hizi mawingu yakianza kushuka mlima Loleza, goti hunipa taarifa kabla sijayaona.

Ndiyo maana, Mhariri, nawaomba watu wako wa kurasa za michezo jambo moja. Mchezaji akikatika kano hii, msimwandike shujaa kwa sababu karudi mwezi wa tano tangu apasuliwe. Andikeni ni mwezi wa ngapi, na kama goti lake limepimwa. Watoto wanasoma, makocha wa shule wanasoma, na mwalimu wa michezo wa binti yangu alinipigia mwezi wa nne baada ya upasuaji kuuliza kama anaweza "kuingia hata robo ya mwisho". Mkipata nafasi nyingine, chapisheni yale mazoezi ya kupasha mwili ya FIFA 11+. Ni dakika ishirini, yanataka mpira na uwanja tu, na yanafundisha kutua goti likiwa limekunjwa, lisiingie ndani. Wasichana hukatika kano hii mara mbili au zaidi ya wavulana katika michezo ileile, na sijaona shule hata moja ya huku ikifundisha mtoto wa netiboli namna ya kutua.

Sasa ni mwezi wa saba tangu apasuliwe. Jumamosi tulisogeza meza ya kukatia, nikachora mstari kwa chaki sakafuni, akaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa mguu huohuo bila kuyumba, nami napima kwa futi yangu ya kushonea. Mguu mzima, sentimita 131. Wa upasuaji, 118. Mtaalamu anataka usipungue tisini kwa mia ya mwenzake. Nilipiga hesabu nyuma ya risiti: tisini na kichele. Binti akasema, "Baba, nimepita!" Nikamwambia rudia. Akapata 112.

Mpira wa netiboli uko juu ya rafu ya ringi na vifungo. Anauona kila akija kunisaidia, na hajauomba tangu Jumamosi.

Fundi Turubai,
Mafiati, Mbeya