Mzazi kaposti, gazeti halijapewa ruhusa

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ukurasa wenu wa burudani ulibeba picha kubwa ya mtoto wa msanii mmoja wa Bongo Fleva akiwa na sare, nembo ya shule ikisomeka vizuri kifuani. Kichwa cha habari kiliwauliza wasomaji kafanana na nani. Nilipiga simu chumba chenu cha habari, nikajibiwa kwa upole kabisa: "Mwalimu, picha hiyo mama yake mwenyewe ndiye aliyeiposti." Naandika kwa sababu ya jibu hilo. Si lenu peke yenu. Magazeti ya udaku hulitoa, redio hulitoa, na wenye kurasa za umbea hawana jingine.

Sikatai kwamba wazazi wenyewe wamo. Kwetu Pwani mama na mtoto hukaa ndani mpaka arobaini ndipo mtoto atolewe nje. Mastaa wameigeuza arobaini kuwa siku ya kuonyesha sura. Kabla ya hapo mtoto anabandikwa kopa usoni kwenye kila picha, na siku kopa linapotoka, mara nyingi pembeni pana mdhamini. Diamond Platnumz na Zari walipopata binti Agosti 2015, mtoto alikuwa na ukurasa wake wa Instagram kabla hajafikisha arobaini, na watu walikaa wakiisubiri sura kama wanaosubiri mwezi wa Idi. Wengine wakafuata njia hiyohiyo. Mimi siwalaumu sana. Ukiwa staa, usipoitoa picha wewe, atatokea mtu wa kuipiga kwa kuvizia getini, na afadhali itoke kwa mkono wako na kwa kapsheni yako.

Lakini ruhusa hiyo ina mwisho wake. Mama anaweka picha ya mwanawe anakata keki, chini anaandika kwamba mtoto katimiza miaka saba. Ninyi mnaichukua picha ileile mnaipachika kwenye habari ya nani ni baba. Keki mama aliiposti, ni kweli. Swali la baba hakuliposti.

Nafundisha darasa la tatu. Miaka ya nyuma nilikuwa na mwanafunzi ambaye baba yake anajulikana nchi nzima. Siku moja gazeti, si lenu, likaandika kwamba baba ana mashaka kama mtoto ni wake. Basi la shule lina redio, na asubuhi redio zetu husoma magazeti. Saa nne, muda wa uji, darasa zima lilikuwa nayo. Hakuna aliyemtukana. Walimzunguka tu wakimtazama masikio, mmoja akamshika na pua, wanalinganisha. Alisimama palepale na kikombe chake mkononi, akakubali kukaguliwa. Tangu wiki ile akawa anaandika jina lake la kwanza tu juu ya daftari. Nilipomuuliza la ukoo liko wapi, akasema linachukua nafasi.

Mwandishi wa habari ile hakuwahi kumwona mtoto huyo. Nadhani angekasirika akiambiwa amemuumiza mtoto, maana akili yake ilikuwa kwa baba: kiki, wimbo mpya, ugomvi wa mastaa.

Hoja ya "mzazi kaposti" imeshafika mahakamani, ingawa si kwetu. Oktoba 2012 mwanamuziki Mwingereza Paul Weller alikuwa Los Angeles na wanawe watatu, binti wa miaka 16 na mapacha wa miezi kumi. Mpiga picha aliwafuata barabarani, na MailOnline, tovuti ya gazeti la Daily Mail la Uingereza, ikachapisha picha saba, sura za watoto zikiwa wazi. Hata binti wenyewe walimkosea, wakaandika kwamba ndiye mke. Kesi iliposikilizwa London, upande wa gazeti ulileta hoja tunazozijua: barabara ni ya umma, California kupiga picha kama hizo si kosa, baba amezungumzia watoto wake kwenye mahojiano, mama ameweka picha zao Twitter, binti amewahi kuwa mwanamitindo. Aprili 2014 jaji alizikataa. Kupigwa picha kwa kazi ya mitindo uliyoikubali ni jambo moja, kufuatwa ukiwa matembezini na baba yako ni jingine. Aliamuru watoto walipwe pauni 10,000, nusu ya binti, nusu ya mapacha. Mwaka 2015 Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono hukumu hiyo. Mapacha wale hawakuwa wakijua hata gazeti ni nini, na bado walihesabiwa kuwa na haki yao wenyewe, si ya baba.

Wahariri wa huko wana kanuni kwamba umaarufu wa mzazi peke yake hautoshi kuwa sababu ya kuchapisha maisha ya faragha ya mtoto. Asidhani mtu kwamba huo ni Uzungu. Katiba yetu, ibara ya 16, inalinda faragha ya kila mtu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unalinda ya mtoto, na kwa bahati nako ni ibara ya 16. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeziweka taarifa zinazohusu watoto katika kundi la taarifa nyeti. Kenya wameshaanza kutoza: mwaka 2023 shule moja ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za huko kwa kuweka picha za wanafunzi mtandaoni bila idhini ya wazazi.

Tena mzazi naye si mlinzi asiyekosea. Jackie Coogan, mtoto aliyecheza filamu na Charlie Chaplin mwaka 1921, alipokuwa mtu mzima ilimbidi kumshtaki mama yake mzazi kwa sababu fedha alizochuma zilikuwa zimekwisha. Ndipo California ikatunga sheria mwaka 1939 ya kuwawekea akiba watoto wa namna hiyo. Watoto wetu wenye dili za ubalozi wa nepi na maziwa sijui nani anawawekea, ila hilo lina barua yake.

Najua mtasema kuna habari ambazo haziepukiki. Baba staa hatoi matunzo, mama kaenda Ustawi wa Jamii, na wasomaji wana haki ya kujua. Iandikeni. Mwandikeni baba kwa jina lake na picha yake, hata ukurasa wa mbele. Habari hiyo haipungui kitu mtoto akikosekana pichani.

Ninachokuomba, Ndugu Mhariri, ni kwamba dawati la burudani lipewe utaratibu wa maandishi na sisi wasomaji tuuone: sura ya mtoto haitoki bila mzazi kuulizwa juu ya habari hiyohiyo, nembo ya shule haitoki kabisa, na suala la nani kamzaa nani haliandikwi kwa kutazama pua. Mkikataa, nitaipeleka barua hii Baraza la Habari, na si kwa vitisho; huko ndiko malalamiko ya namna hii yanakopokelewa. Wakati mnalifikiria hilo, iondoeni ile picha kwenye tovuti yenu. Jana usiku bado ilikuwepo, na maoni chini yake yalikuwa yakiongezeka. Nakala za karatasi zimeshafungiwa maandazi, hizo tuziache.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kinondoni, Dar es Salaam
(Jina limehifadhiwa)