Damu ya Dantu isitufanye tutupe neti

Mhariri,

Kuna voisi noti inazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp huku kwetu Kilifi, jamaa anasema eti wazungu wamegundua damu ya mtu wa Pwani haiingii malaria, kwa hivyo neti na dawa ni biashara za watu tu. Jirani yangu kaisikiliza, kesho yake neti iko uani imefunikia vifaranga wasichukuliwe na mwewe. Nikacheka, lakini si mambo ya kucheka.

Kwanza utafiti wenyewe ni wa Dantu, aina ya damu ya kurithi ambayo baadhi tu ya watu wa huku wanayo, na hao wazungu hawakuwa peke yao. Kazi imefanywa hapa hapa, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome, akina Silvia Kariuki na wenzao wa Chuo Kikuu cha Cambridge na taasisi ya Sanger kule Uingereza, ikatoka kwenye jarida la sayansi la Nature mwaka 2020. Walichukua damu ya watoto 42 wa huku, wengine wamerithi jeni ya Dantu kwa baba na mama, wengine kwa mzazi mmoja, wengine hawana kabisa, wakaitia vimelea vya malaria na kurekodi video chini ya darubini waone nini kitatokea.

Na hapo ndo patamu. Kimelea kikitoka kwenye seli moja hakina muda wa kupoteza, kinarukia seli nyekundu nyingine, kinaisukuma mpaka ngozi yake inabonyea, kinajigeuza ncha yake iangalie ndani, kinafungua njia na kuzama, mara nyingi dakika haijaisha kishaingia. Sasa seli ya Dantu ngozi yake imekaza kama ngoma iliyowambwa ikaotwa moto, kimelea kinashika, kinahangaika, mara nyingi kuingia hakiwezi. Kilichonishangaza zaidi ni kwamba hata mtu asiye na Dantu ana baadhi ya seli zilizokaza vile vile na hizo nazo zinakishinda, ndo maana watafiti wanawaza kama siku moja itapatikana dawa ya kuzikaza seli kidogo tu.

Lakini hebu tusomeni hesabu yote jamani. Mwenye jeni mbili hatari ya malaria kali inapungua kwa hadi asilimia 74, mwenye moja kama asilimia 40. Malaria kali ndo ile ya degedege, mtoto kuishiwa damu, kupoteza fahamu (na bado kuna wazee wanaosema ni nyuni, yaani pepo, basi mtoto anapelekwa kwa mganga kwanza). Asilimia 74 sio mia. Halafu hapa Kilifi wenye Dantu ni wachache kuliko wasio nayo, hao wengine voisi noti inawaambia nini? Na huwezi kujijua kwa kuangalia kadi ya damu, ile ya hospitali inaandika A, B, O na Rhesus basi, Dantu ni ya kundi jingine na hakuna anayekupima ukienda na homa. Kwa hivyo huyo jirani yangu hajui kama anayo, mimi sijui, na watoto wake ndo wanalala bila neti.

Ombi langu kwenu gazeti ni hili. Habari za utafiti kama huu huwa mnazibana kwenye kona ya ukurasa mistari mitano hivi, kisha ubashiri wa mechi unapewa ukurasa mzima wenye rangi. Watoto waliotoa damu ni wa hapa, wazazi wao wanasoma Kiswahili, wapeni basi ukurasa mmoja mumhoji mtafiti mwenyewe aeleze Dantu inakinga nini na haikingi nini, mtoto akichemka usiku afanyweje hata kama ukoo mzima haujawahi kulazwa kwa malaria. Mkishachapisha nitaupiga picha niutupe kwenye lile lile grupu.

Msomaji wenu,
Kilifi