Kabla hujawasha maikrofoni

Swahiba wangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia unaacha gazeti uanzishe podikasti, tena ya mambo ambayo wengi wanayakwepa. Kuuliza maswali unajua, sina la kukufundisha hapo. Ninalotaka kukueleza ni unachokiacha nyuma ukitoka chumba cha habari: mhariri anayekukatalia, mhakiki anayepiga simu ya pili, na mwanasheria anayesoma kabla ya kuchapa. Hao watatu watafute upya, hata kwa malipo ya saa chache, kabla hujanunua maikrofoni.

Wala usidhani jina kubwa ni kinga. Mwaka 2018 New York Times walitoa podikasti iitwayo Caliphate, ambayo kwa sehemu kubwa ilisimama juu ya simulizi ya mtu aliyedai kupigana upande wa Dola la Kiislamu nchini Syria. Ikasifiwa, ikapata tuzo ya Peabody, yenye heshima kubwa katika utangazaji wa Marekani. Desemba 2020 gazeti lenyewe likakiri kwamba kazi ile haikufikia viwango vyake, na tuzo ikarudishwa. Sauti ndivyo ilivyo. Mtu akisita, akivuta pumzi karibu na sikio lako, unamwamini, na mtayarishaji ndiye msikilizaji wa kwanza.

Kwa hiyo andika muswada, hata kama kipindi ni mazungumzo. Kila sentensi yenye dai ipe namba inayokupeleka kwenye waraka na ukurasa wake, au dakika na sekunde ya mahojiano. Tuseme umeandika: "Mkurugenzi alikula fedha za dawa." Fungua jalada uone una nini. Una ripoti ya ukaguzi inayosema fedha zilitoka kwenye akaunti na risiti hazipo, na una saini yake kwenye idhini ya malipo. Basi sema hayo mawili tu. "Alikula" ni neno linalodai nia, tena linadai kwamba fedha ziliingia mfukoni mwake, na yote hayo hujayathibitisha. Kutanguliza "inasemekana" hakukuokoi, maana katika sheria za nchi nyingi anayerudia kashfa huhesabiwa kama aliyeitoa.

Ila kinachoponza zaidi ni gumzo. Mwenzako anacheka, anachomekea "huyo mwizi tu", na neno limeshaingia. Ndiyo maana nasisitiza kila msemaji awe na maikrofoni na treki yake (yaani mkondo wake peke yake wa rekodi), maikrofoni ikiwa sentimita 10 hadi 15 kutoka mdomoni, na sauti inapopanda juu kabisa, kipimo cha kinasa kicheze karibu na -12 dB. Mkirekodi wote kwenye treki moja, neno lililosemwa juu ya sauti ya mwingine halitoki bila kung'oa na sentensi ya huyo mwingine. Rekodi pia sekunde 30 za ukimya wa chumba, uzibie pale ulipokata. Kata marudio na vikohozi, lakini jibu usilihamishie swali jingine kamwe. Rekodi ghafi weka nakala tatu, moja nje ya nyumba.

Haki ya kujibu ndipo wengi wanapolegea. Usimwandikie mtu "tungependa maoni yako kuhusu kipindi chetu". Mworodheshee kila dai kwa maneno yake, mpe tarehe ya mwisho (mimi naona siku tano za kazi ni haki), na utunze uthibitisho kwamba ujumbe ulimfikia. Akijibu, jibu lake lisikike karibu na dai lenyewe, si mwishoni wakati watu wameshazima simu. Akikaa kimya, sema ulimwandikia lini.

Kuhusu chanzo anayejificha, naomba unisikilize vizuri. Kuishusha sauti kwa programu hakumfichi. Mara nyingi mtu mwenye ujuzi kidogo anaweza kuirudisha ilivyokuwa, na anayemfahamu atamtambua kwa mtindo wake wa kuongea. Maneno yake yasomwe na mtu mwingine, na wasikilizaji waambiwe hivyo. Sikiliza na sauti zinazosikika nyuma yake pia: kengele ya shule au honi ya treni inataja mahali. Futa taarifa zilizofichika ndani ya faili kabla hujamtumia yeyote.

Ukikosea, kubadilisha faili kwenye seva hakutoshi, kwa sababu nakala zilizokwisha kupakuliwa zinabaki kwenye simu za watu. Rekebisha faili, andika tarehe ya marekebisho kwenye maelezo, kisha litamke kosa mwanzoni mwa kipindi kinachofuata.

Fedha, kwa kifupi: wadhamini hukimbia mada moto, kwa hiyo usitegemee mmoja, michango midogo ya wasikilizaji huchelewa kuja lakini huvumilia. Na anwani ya mlisho wa RSS (faili inayozipelekea programu za wasikilizaji vipindi vipya) isajili chini ya kikoa chako mwenyewe, yaani jina lako la tovuti, ili kampuni inayohifadhi vipindi ikikufungia, uhamie kwingine bila kupoteza waliojiunga nawe.

Muswada wa kipindi cha kwanza nitumie ukiwa na namba zake zote na nyaraka pembeni, kabla hujarekodi utangulizi. Nitausoma kama wakili wa yule unayemtaja.

Wako daima,
Swahiba wako